Mafunzo ya Sinema za Zamani: Maisha ya Mzee Rashidi Kawawa

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, miongoni mwa maswali yanayoletwa na vijana, khasa wa Handeni na Korogwe, ni hili: je, katika sinema za zamani, zile ambazo wazee wetu walizitazama na mpaka leo wanazisimulia, mna funzo lolote la kumfaa Muislamu wa leo? Au ni upuuzi uliopita na wakati wake?

Jibu letu la mwanzo ni fupi. Kisa, kiwe kimesimuliwa kwa mdomo au kimeoneshwa kwenye kitambaa cheupe, hupimwa kwa kilichomo ndani yake. Chenye kupamba uchafu, ushirikina au dhulma hakichukuliwi, hata kikiwa kizuri vipi machoni. Chenye mazingatio, mazingatio yake huchukuliwa. Qur'ani yenyewe imetulea kwa visa, na kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) kimetajwa kuwa ni katika visa vilivyo bora. Kwa hiyo swali la maana si kama mna funzo. Swali ni: funzo lile linamwambia nani, na sisi tumesimama upande gani wa kisa?

Hili hatutalijibu kwa hukumu tupu. Tutalijibu kwa maisha ya mtu mmoja ambaye aliigiza sinema hizo akiwa kijana, kisha Mwenyezi Mungu akampa madaraka juu ya watu wale wale waliokuwa wakihadithiwa ndani yake. Huyo ni Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, aliyeitwa Simba wa Vita. Wengi wanamjua kwa barabara na skuli zilizopewa jina lake. Wachache wanajua kwamba kabla ya kuwa Waziri Mkuu alikuwa mwigizaji.

Sinema zilipoanzia: Vugiri, Korogwe

Kabla ya kumfikia Kawawa, tuanze na Korogwe penyewe, maana watu wa huko wana haki ya kujua kwamba historia hii imepita mlangoni kwao.

Juu ya milima ya Usambara, katika wilaya ya Korogwe, kuna mahali panaitwa Vugiri. Kati ya mwaka 1935 na 1937 hapo palikuwa na makao ya mradi wa kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika. Mradi ulisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani na kwa baraka za serikali ya Uingereza. Aliyeongoza utengenezaji wa filamu alikuwa Meja Notcutt, Muingereza aliyewahi kusimamia mashamba makubwa huku Afrika Mashariki. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, na waigizaji walikuwa wananchi wa kawaida. Kisha zikapakiwa kwenye gari pamoja na mashine yake, zikaoneshwa usiku viwanjani, Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Nyingi zilikuwa za manufaa ya dhahiri: namna ya kujikinga na safura, malaria ya watoto wachanga, mmomonyoko wa udongo, kilimo cha chai. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya Posta. Ndani yake wafanyakazi wawili wanapokea mshahara. Mmoja anafukia fedha zake chini ya sakafu ya kibanda, mwingine anaziweka Posta. Mwizi anakuja, anafukua, na aliyefukia anabaki mikono mitupu.

Funzo hilo ni sahihi, wala hakuna sheria inayolipinga. Kuhifadhi mali ni katika makusudio ya dini yetu. Lakini msomaji atazame vizuri. Filamu inamwambia mfanyakazi ajihadhari na mwizi wa usiku. Haiulizi kwa nini mshahara wenyewe ni mdogo kiasi kile. Haimwambii mwenye shamba amche Mungu katika kumpimia mkata mkonge kazi yake ya siku. Funzo lote limemwelekea mnyonge. Mwenye nguvu ametengeneza filamu, amekaa nyuma ya kamera, na hakuna aliyemuelekezea yeye neno lolote.

Mradi ulikufa mwaka 1937, kwa kuwa serikali za makoloni hazikukubali kuubeba. Lakini fikra ya kuwafundisha watu kwa sinema haikufa. Ilirudi baada ya Vita Kuu ya Pili, na mara hii uso uliotokea mbele ya kamera ulikuwa wa kijana wa Kiislamu kutoka kusini.

Kijana wa Songea

Rashidi Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika kijiji cha Matimila, Songea. Baba yake, Mzee Mfaume Kawawa, alikuwa mwindaji, na Rashidi alikuwa mtoto wa kwanza katika nyumba yenye watoto wengi. Wazee wetu wanajua maana ya kuwa kifungua mimba: wewe ni mtoto na ni baba mdogo kwa wakati mmoja.

Alisoma Dar es Salaam, kisha akaenda skuli ya serikali ya Tabora, ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa ikitoa vijana wa Tanganyika waliotazamiwa kushika kazi kubwa. Wenziwe kadhaa wa Tabora walivuka kwenda Makerere. Yeye aliingia kazini mapema, akawa karani serikalini, kisha akahamia idara ya maendeleo ya jamii, iliyokuwa ikishughulikia elimu ya watu wazima na mambo ya ustawi. Huko ndiko alikokutana na sinema.

Mtu wa shamba na hila za mjini

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliafikiana na kampuni moja ya Afrika Kusini kutengeneza filamu ndefu za Kiswahili, zenye waigizaji wa humu humu nchini. Zikatoka Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi, Meli Inakwenda, Wageni Wema na nyenginezo. Kawawa alikuwa nyota wake. Watu walicheka naye, walimhurumia, na wakamjua kwa sura kabla hawajamjua kwa siasa.

Maudhui yake yalikuwa karibu na maisha ya watazamaji: shamba na mji. Kuna mtu wa kijijini mwenye moyo safi na fedha kidogo. Kuna mji wenye taa, makelele na watu wenye maneno matamu. Mgeni anapotea katika hila za wenyeji. Wakati ule Dar es Salaam ilikuwa inafurika vijana kutoka mikoani, na serikali ya kikoloni haikufurahishwa na jambo hilo. Kwa hiyo ndani ya kicheko mlikuwa na ujumbe: mjini si kwenu, rudini mashambani.

Hapa tena mna kweli na mna upungufu. Kweli ni kwamba tapeli yupo, na asiye na tahadhari huliwa. Funzo hilo halijazeeka hata siku moja. Leo barabara ya Chalinze hadi Segera inakata katikati ya nchi ya Wazigua, na ardhi ya Mkata na Kabuku inatazamwa na watu wa mbali wenye fedha. Mzee anajiwa na dalali mwenye viatu vinavyong'aa, anawekewa kitita mezani, anatia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, na watoto wake wanakosa pa kulima. Kijana wa Korogwe anauza pikipiki ya familia kwa sababu ya ujumbe wa simu unaomtaka atume hela kwa namba fulani, au anaingia kwenye kamari akitumai kutajirika kwa usiku mmoja. Mama anakopa kwa wale wa kausha damu, na riba inamla mpaka kitanda. Sura zimebadilika, lakini kisa ni kile kile cha mtu wa shamba na hila za mjini.

Upungufu ni huu: mtazamaji hutoka katika kisa kama hicho akiwa amejiona yeye ndiye aliyedhulumiwa. Ni nadra mtu kutoka akajiuliza kama yeye ndiye dalali. Ni nadra mkopeshaji kujitambua. Sote tunajua kulia na Yusuf kisimani. Ni wachache wanaoketi wakajiuliza kama wao ni katika wale ndugu walioshika kamba.

Kawawa na watu wa mkonge

Kawawa hakubaki mwigizaji. Mwaka 1953 idara yake ilimpeleka Urambo, huko Unyamwezi, kufanya kazi miongoni mwa Wakikuyu waliokuwa wamezuiliwa kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Alikwishaona sasa kwa macho yake kile ambacho sinema za serikali hazikuwa zikionesha.

Akaingia katika chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na kikamchagua kuwa kiongozi. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana vikaunda Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, naye akawa Katibu Mkuu wake wa mwanzo. Mwaka 1956 aliacha kazi ya serikali. Kwa kijana mwenye jamaa wengi nyuma yake, kuacha mshahara wa uhakika kwa ajili ya kuwasemea wengine si jambo dogo.

Hapo ndipo maisha yake yalipokutana na Korogwe. Wilaya ile ilikuwa moyo wa mkonge: Magunga, Ngombezi, Mazinde na mashamba mengine kando ya reli ya Tanga. Waliofanya kazi humo wengi wao walikuwa manamba, waliosafirishwa kutoka mbali kwa mkataba, wakipewa kipande cha kuhesabia siku zao. Na miongoni mwa waliotoa vijana wengi wa kwenda kukata mkonge wa Tanga walikuwa watu wa Songea, kwao Kawawa. Kwa hiyo alipozungumzia wafanyakazi hakuwa akizungumzia watu wa kwenye vitabu. Alikuwa akizungumzia majirani zake wa utotoni.

Mwaka 1958 wafanyakazi wa Mazinde waligoma, na mgomo ule ukawa mrefu mpaka ukajulikana nchi nzima. Watu walistahimili njaa kwa sababu ya kutaka chama chao kitambuliwe na sauti yao isikilizwe. Mtume wetu (s.a.w.) amehimiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Aliyesimama na wakata mkonge wa wakati ule akidai ujira na heshima yao, alisimama mahali ambapo dini yetu inapatambua.

Tunaweza kusema kwamba katika miaka hii Kawawa alilitimiza lile funzo ambalo sinema zililiacha nusu. Sinema zilimwambia mnyonge ajihadhari. Yeye aliungana na wanyonge wakamwambia mwenye nguvu naye awe na haki.

Madaraka, na kuyarudisha

Mambo yakaenda haraka. Mwaka 1960 aliingia katika baraza la mawaziri. Uhuru ukapatikana tarehe 9 Disemba 1961. Wiki sita baadaye, tarehe 22 Januari 1962, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na nchi ikaachwa mikononi mwa Rashidi Kawawa, mtu wa miaka 35.

Watu wengi huichukulia miezi ile kama jambo la kupita tu. Sisi tunaona ndani yake mna moja ya mafunzo makubwa ya maisha yake. Alishika serikali yote. Jeshi, hazina na polisi vilikuwa chini yake. Na mwezi wa Disemba mwaka ule ule nchi ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu akarudi akiwa Rais, Kawawa akatoka kwenye kiti akawa Makamu. Hakufanya fitina, hakutafuta kundi la kumng'ang'aniza, hakununa. Tazameni Afrika ya miaka iliyofuata, muone ni wangapi walioshikishwa kiti kwa muda wakakigeuza urithi. Cheo ni dhamana, na alama ya dhamana ni kwamba mwenyewe akija unamrudishia.

Baada ya Muungano wa mwaka 1964, sisi Wazanzibari tulimjua kama Makamu wa Pili wa Rais, wakati Mzee Abeid Karume akiwa Makamu wa Kwanza. Mwaka 1972 akawa Waziri Mkuu tena, mpaka 1977.

Upande wa pili wa kisa

Sasa tunafika mahali ambapo insafu inatutaka tuseme kweli bila ya kumvunjia heshima maiti. Dini yetu imetukataza kuwatukana waliotangulia. Haikutukataza kujifunza kwa yaliyotokea.

Katika mwaka ule ule wa 1962, serikali iliyoongozwa na Kawawa ilipitisha sheria ya migogoro ya kikazi, ambayo iliufanya mgomo halali uwe jambo gumu mno kufikiwa. Ilipitishwa pia sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila ya kuwafikisha mahakamani. Mwaka 1964 TFL, nyumba aliyoijenga mwenyewe, ilivunjwa, pakawekwa chama kimoja cha wafanyakazi kilichofungamana na serikali. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kueleweka: nchi changa, umasikini, hofu ya mgawanyiko. Lakini mkata mkonge wa Mazinde aliyegoma mwaka 1958 akiwa na Kawawa upande wake, miaka minne baadaye asingeweza kugoma vile, na sheria iliyomzuia ilitoka katika serikali ya Kawawa.

Kisha Handeni. Wazigua wa zamani walizoea kuishi katika vitongoji vilivyotawanyika, kila ukoo na mashamba yake, kwa sababu nchi yao ina ukame na maji ni ya kutafutwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijiji vya ujamaa vilikuwa vimekwisha kuanzishwa huko. Mwaka 1973 ikatoka amri kwamba kuishi vijijini sasa ni lazima kwa nchi nzima, na mpaka mwaka 1976 mamilioni ya watu wa Tanzania walikuwa wamehamishwa. Waziri Mkuu aliyesimamia utekelezaji wake alikuwa Mzee Kawawa.

Lazima tuseme pande zote mbili. Vijiji vilileta skuli, zahanati na visima mahali ambapo havikuwapo, na wako wengi leo Handeni waliojua kusoma kwa sababu hiyo. Nia ya kuwatoa watu katika umasikini hatuna haki ya kuikanusha. Lakini katika sehemu mbalimbali za nchi watu walihamishwa kwa nguvu, pengine nyumba zilichomwa ili wasirudi, mashamba yakabaki mbali, na minazi, michungwa na makaburi ya wazee yakaachwa porini. Mtume (s.a.w.) ametuonya vikali juu ya kumchukulia mtu hata shibiri moja ya ardhi bila ya haki. Nia njema haiondoi haki ya aliyebomolewa nyumba yake.

Na hapa ndipo kisa kinapotimia. Yule kijana aliyekuwa akiigiza mtu wa shamba aliyeyumbishwa na wenye nguvu wa mjini, sasa alikuwa mwenye nguvu wa mjini. Amri ilitoka Dar es Salaam, na mtu wa shamba wa Handeni akaambiwa pa kulala. Hatusemi kwamba Kawawa alikuwa mtu mbaya. Tunasema jambo zito kuliko hilo: alikuwa mtu mwema, mwenye kuwajua wanyonge kwa majina, na bado kiti kilimbadilishia mahali pa kutazamia. Ikiwa hayo yalimpata mtu kama yeye, sisi tunajiamini kwa kipi?

Uzee na mwisho wake

Mwaka 1977 nafasi ya Waziri Mkuu alipewa Edward Sokoine, na Kawawa akapelekwa Wizara ya Ulinzi, ambako alikuwa waziri wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mara nyengine tena aliteremka ngazi bila ya kulalamika. Baadaye, kuanzia mwaka 1982 mpaka 1990, alikuwa Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi. Kisha akapumzika, akawa mzee wa nchi, mwenye kuitwa katika shughuli na kuheshimiwa.

Jambo moja linalokubaliwa na wanaomsifu na wanaomkosoa ni kwamba hakujulikana kwa kujilimbikizia mali. Alishika serikali mara mbili, alikaa karibu na hazina ya nchi kwa miongo mitatu, na jina lake halikufungamana na majumba wala wizi. Katika zama ambazo mtu akipata udiwani tu anabadilisha mwendo, hilo ni funzo linalojitosheleza.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 31 Disemba 2009, akiwa na miaka 83, na akazikwa Madale. Imepita zaidi ya miaka kumi na mitano sasa. Yeye ameshafika mbele ya Hakimu asiyehitaji ushahidi wetu. Tunamuombea Allah amsamehe makosa yake, amlipe kwa wema wake, na amfanyie wepesi hesabu yake.

Tunachotoka nacho

Turudi kwa vijana wa Handeni na Korogwe na swali lao. Mafunzo ya sinema za zamani tunayafupisha katika mambo matatu.

Kwanza, tahadhari ni sehemu ya dini. Hifadhi mali yako. Usitie saini usichokielewa. Kabla ya kuuza ardhi, kaa na watoto wako, na mkataba usomwe na mtu mnayemuamini, mbele ya mashahidi. Anayekuharakisha ndiye wa kuogopwa. Riba na kamari ziacheni, kwani milango hiyo miwili imewamaliza wengi kuliko wezi wa usiku.

Pili, kila funzo liulizwe limetoka kwa nani na kwa faida ya nani. Sinema za Vugiri zilifundisha kweli nyingi, lakini hazikumgusa aliyezitengeneza. Leo mafunzo hayako kwenye kitambaa cheupe, yako kwenye simu mkononi. Mtu anakufundisha namna ya kutajirika, kumbe utajiri wake ni wewe. Chukueni kilicho kweli, na kilichobaki mkirudishe kwa mwenyewe.

Tatu, na hili ndilo tunalolitilia mkazo zaidi kuliko yote: mnapotazama kisa, msikimbilie kukaa upande wa aliyedhulumiwa. Jiulizeni leo ni nani aliye chini yenu. Mwenye shamba ana vibarua. Mwenye pikipiki tatu ana madereva wanaomletea hesabu ya jioni. Mume ana mke, mwalimu ana wanafunzi, mwenyekiti wa kijiji ana mhuri. Na sisi masheikh tuna watu wanaotusikiliza bila ya kutuuliza, na hilo nalo ni madaraka. Kila mmoja wetu ni mtu wa shamba mbele ya fulani, na ni mtu wa mjini mbele ya mwengine.

Nabii Yusuf (a.s.) aliuzwa kwa thamani duni, akafungwa bila ya kosa, kisha akakabidhiwa maghala ya Misri. Ndugu zake walipomjia wakiwa na njaa, hawakumtambua, na yeye aliwatambua. Uwezo wote ulikuwa wake. Akawapimia kipimo kamili na mwisho akawasamehe. Alikumbuka kisima akiwa juu ya kiti. Hilo ndilo jambo gumu, na ndilo ambalo sinema za wakati ule hazikulifundisha.

Maisha ya Mzee Kawawa yanatuonesha mtu aliyesimama pande zote mbili za kisa. Alifuzu katika mengi: katika kuwasemea manamba, katika kurudisha madaraka, katika kuiepuka mali ya umma. Na pale mizani ilipoelemea upande wa amri, watu wa Handeni waliyabeba matokeo yake. Tukiyasoma yote kwa pamoja, bila ya kumtukuza kupita kiasi wala kumtia doa asilostahiki, tutakuwa tumelipata funzo ambalo yeye mwenyewe aliliishi.

Ewe Mola wetu, tukinge na hila za wenye kudhulumu, na utukinge na kuwa sisi wenyewe ndio wenye kudhulumu. Warehemu wazee wetu waliotangulia, na uwape watu wa Handeni na Korogwe mvua yenye manufaa, riziki ya halali na viongozi wenye kuikumbuka siku ya kusimama mbele Yako.

Wabillahi tawfiq.